Waya wa Kaliua

Mwanamkuu binti Abasi alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kulizungusha. Mtaa wote wa Kanyenye, pale Tabora, ulijua. Mumewe akinyoa ndevu siku isiyokuwa Ijumaa, aliulizwa. Akipita mwanamke nje ya dirisha akacheka, dirisha lilifungwa. Shoga zake walimtania kwamba siku mumewe Nassibu atakapokufa, yeye atasimama mlangoni kuwatazama wanawake wanaolia kupita kiasi. Mwanamkuu alicheka nao. Akifika nyumbani alianza kuwaza ni akina nani hao watakaolia kupita kiasi.

Lakini wivu haukuwa kitu pekee alichojaliwa. Alikuwa na masikio. Mwaka uliofuata uhuru, makarani wa zamani wa simu ya reli walipokuwa wakifunga masanduku yao na kuondoka, walitafutwa vijana wa hapa hapa wafundishwe kazi. Baba yake, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, akamwambia aende. Shangazi yake alikuja juu. Mtoto wa kike wa Kiislamu akae ofisini na wanaume, agongegonge kijichuma kutwa nzima, ndiyo kazi gani hiyo? Baba akaendelea kushona. Mwanamkuu akaenda, na kabla ya masika kwisha alikuwa anazisoma zile nukta na mistari kwa sikio tu, huku akizungumza na mtu mwingine.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ilikuwa ya nakala. Tabora ndiko amri za njia zilikotoka: treni ipi isubiri wapi, behewa lipi likatwe, mzigo upi upelekwe kwa nani. Mwanamkuu aligonga kijichuma chake mezani, umeme ukapita kwenye waya, na katika stesheni ya mbali kijichuma kingine kikagonga vile vile. Karani wa huko akaandika alichokisikia. Ikiwa Tabora imesema Mpanda, nakala ya huko nayo lazima iseme Mpanda. Neno likipotea njiani, treni nzima inaweza kupotea nalo. Kaliua ilikuwa na waya wake peke yake, kwa kuwa ndipo njia zinapoachana, moja ikienda Kigoma na nyingine Mpanda, na makosa ya Kaliua yalikuwa makosa makubwa.

Kila karani alikuwa na mkono wake, na Mwanamkuu aliijua mikono hiyo kama anavyojua hatua za watu wa nyumbani kwake. Humaidi wa Kaliua aligonga haraka na kuimeza herufi ya mwisho ya kila neno. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa kuonekana hajasikia.

Nassibu alikuwa fundi wa laini. Walijuana pale pale stesheni, siku alipokuja kukaza misumari ya meza yake, na kilichompendeza Mwanamkuu ni kwamba mwanamume huyu ukimwambia jambo alinyamaza mpaka umalize. Wakaoana, wakazaa binti, Swaumu. Waya ukikatika popote, kati ya Tabora na Kigoma au chini huko Mpanda, Nassibu alibeba mfuko wake wa vifaa akapanda treni, na mkewe akabaki kijichumani akiusikiliza waya huo ukipona. Ilikuwa raha yake ya siri. Mume anatengeneza kule, na yeye anamsikia huku.

Raha hiyo ikaingia nyongo mwaka ule wa watu kuhamia vijijini, mwaka wa ukame. Mvua zilikuwa zimekataa. Watu walikuwa wametolewa mashambani mwao na kupangwa kwenye vijiji vipya vya Ujamaa wakati chakula kimekwisha, na mahindi ya serikali yakawa yanakuja kwa reli. Taarifa za mahindi zilipita mezani kwa Mwanamkuu asubuhi hadi jioni. Na ndipo waya wa Kaliua ulipoanza kuumwa.

Haukukatika. Ungekatika ingekuwa nafuu, maana waya uliokatika huonekana. Huu ulidhoofu tu. Mwanamkuu akigonga, maneno yalifika Kaliua yamepungua, yamepoteza nukta hapa na mstari pale. Akiita, Humaidi anaitika kwa mbali, halafu kimya, halafu anaitika tena. Nassibu akatumwa. Alipofika, siku ya pili yake waya ukazungumza vizuri kabisa. Akarudi Tabora, na kabla hajamaliza kufua suruali zake za kazi, waya ukadhoofu upya. Akatumwa tena. Ukapona. Akarudi. Ukaugua.

"Safari hii kosa lilikuwa nini?" Mwanamkuu alimwuliza jioni moja, akimpakulia wali.

"Kikombe cha kushikia waya nguzoni kilikuwa na ufa. Nimekibadilisha."

"Na ile nyingine?"

"Waya ulikuwa umelegea."

"Kila ukienda unakuta kitu kipya."

"Njia ndefu, Mama Swaumu. Nguzo nyingi." Nassibu akala tonge mbili, akaitazama sahani. "Hivi, wewe hujui kupika nsansa?"

Mwanamkuu akaweka upawa chini. "Kupika nini?"

"Nsansa. Majani ya kunde yaliyokaushwa. Ukiyaunga kwa karanga ni mazuri sana."

Mtoto wa mjini, aliyekulia pilau za maulidi na mchuzi wa nazi iliyoletwa kwa treni, aliyekuwa akisema majani makavu ni chakula cha mbuzi, leo anataka nsansa ya kuungwa kwa karanga! Nsansa haiokotwi njiani. Nsansa hupikwa na mtu, tena hupikwa na mwanamke, na huungwa vizuri na mwanamke anayetaka asifiwe.

Tangu jioni hiyo akawa na kazi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kutuma taarifa. Ya pili ilikuwa kuupeleleza waya. Na waya ulimwambia kila kitu. Nassibu akiwa Kaliua, waya ni mzima. Nassibu akiwa Tabora, waya ni mgonjwa. Haikukosea hata mara moja. Mwanamkuu alijiambia: anaulegeza mwenyewe kabla ya kuondoka, ili aitwe tena. Anawaharibia watu taarifa za mahindi kwa ajili ya bakuli la nsansa na huyo anayeipika. Aliwaza hivyo akifua, aliwaza hivyo akisali, na Mungu amsamehe, aliwaza hivyo hata akimsuka binti yake nywele, mpaka mtoto akalia kwa kuvutwa.

Kisha likaja la behewa. Tabora ilikuwa imebadili amri: behewa la mahindi lililokuwa liende Kigoma likatwe Kaliua, lishushwe Mpanda, kwa kuwa kijiji kimoja kipya huko kilikuwa kimebakiwa na mizizi tu ya kula. Mwanamkuu aligonga amri hiyo kwa uangalifu. Humaidi akajibu imefika. Haikuwa imefika. Vilikuwa vimefika vipande, na Humaidi, kwa aibu ya kuuliza tena na tena, alijaza mapengo kwa mazoea, na mazoea yalikuwa kwamba mahindi huenda Kigoma. Behewa likaenda Kigoma. Wale watu wa kijijini walikwenda relini na magunia matupu, wakakaa juani, treni ikaja bila kitu, wakarudi na magunia matupu.

Mzee Nasor, mkuu wa ofisi ya simu, alimwita Mwanamkuu chumbani kwake. Alikuwa mtu wa moja ya zile koo za Kiarabu za mjini, mpole, mwenye kuvaa kofia iliyotiwa nakshi hata akiwa kazini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Watu wamelala na njaa kwa sababu yetu." Akapangusa uso. "Wewe ndiye unayeujua waya ule. Kwa nini unapona Nassibu akifika tu, ukaharibika akiondoka tu?"

Hapo Mwanamkuu angeweza kusema sijui. Kweli hakuwa anajua. Lakini alichokuwa akikiwaza wiki zote zile kilimtoka chenyewe.

"Mwulizeni mwenyewe, Mzee. Mwulizeni anafuata nini Kaliua."

Mzee Nasor aliacha kupangusa uso. Aliijua ndoa yao, alikuwa amekula biriani ya harusi yao. "Unasema anauharibu kwa makusudi?"

Mwanamkuu akainama, akaitazama mikono yake. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo, na katika ofisi ya serikali mwaka ule kunyamaza namna hiyo kulitosha. Nassibu akaambiwa asisafiri. Akapewa kazi ya kupanga vikombe vya nguzo stoo, huku ikisemwa kwamba mkaguzi anakuja kutoka Dar es Salaam, na mtu anayechezea chakula cha wananchi hatafukuzwa kazi tu, atashtakiwa.

Nyumbani Nassibu hakugomba. Alikuja, akala, akauliza swali moja.

"Wewe umewaambia?"

"Nimewaambia wakuulize."

"Basi sawa," akasema, akageukia ukutani. Mwanamkuu aliutazama mgongo wake na kumchukia, na papo hapo akaogopa. Maana alitaka kumrudisha mume nyumbani, hakutaka kumpeleka gerezani. Na lile alilotaka kulijua kuliko yote, mumewe bado hakuwa amelijibu.

Asubuhi akaenda kwa Mzee Nasor akaomba kwenda Kaliua yeye mwenyewe. Alisema anaujua waya ule kwa sikio, na kosa la kudhoofu halitafutwi kwa macho. Mzee alikubali, akiamini mke anakwenda kumwokoa mumewe. Labda ilikuwa hivyo nusu. Nusu nyingine ilivaa kanga mpya na kujipaka wanja kwa ajili ya kwenda kutazama waya.

Kaliua aliteremka mchana, vumbi tupu. Humaidi alimpokea kwa heshima nyingi na macho ya kukwepa. Ana kwa ana alikuwa kijibabu chembamba chenye kikohozi.

"Bibi Mwanamkuu, lile behewa..."

"Tuache behewa, Bwana Humaidi. Nionyeshe meza."

Alianza pale alipofundishwa kuanzia, kwa vitu vya karibu. Betri zilikuwa nzima. Kijichuma kilikuwa safi. Akafuata waya kutoka mezani hadi nguzo ya kwanza, akivuta kila kiungo kwa vidole. Hakuna kilicholegea. Akatafuta mahali ambapo mtu angeweza kuufungua na kuufunga tena kwa siri, alama ya koleo, mng'ao wa shaba iliyokwanguliwa karibuni. Alitafuta kwa hamu, nasikitika kusema, kama mtu anayetafuta unywele wa kigeni kwenye shati. Hakuona kitu. Kazi ya Nassibu ilikuwa safi. Kila fundo lilikuwa limefungwa na mtu anayejali.

Ukabaki waya wa ardhini. Umeme wa simu ile ulikwenda kwa waya mmoja tu, na kurudi ulirudi kupitia ardhini. Kwa hiyo kila stesheni ilikuwa na bamba la shaba lililozikwa nje, na waya mfupi ulioshuka ukutani kwenda kulishika. Mwanamkuu akauchomoa waya huo mfupi, akachukua kipande kingine kirefu, akakifunga kwenye reli yenyewe, chuma kinacholala juu ya udongo mpaka Tabora. Akarudi mezani akagonga.

Tabora ikaitika kwa sauti kubwa hata Humaidi akaruka.

"Subhanallah! Umefanya nini?"

"Kosa ni ardhi," alisema Mwanamkuu. "Bamba lenu halishiki."

Wakatoka nje, nyuma ya ofisi, kwenye kivuli cha ukuta, mahali waya mfupi ulipozama. Alichimba kwa jembe dogo la Humaidi. Udongo ulikuwa mkavu kama majivu, unamwagika pembeni ya jembe. Ukame ulikuwa umefika hadi kwenye shaba, na shaba iliyozikwa kwenye udongo mkavu haina tofauti na shaba iliyotundikwa hewani. Basi. Hakuna aliyechezea chochote. Nassibu alikuwa msafi, na Mwanamkuu akataka kucheka kwa shukrani, akataka kumgongea Mzee Nasor saa ile ile.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha, na yeye hakuwa mtu wa kuiacha nusu. Ikiwa udongo ni mkavu, ni mkavu kila siku. Kwa nini bamba lilishika siku za Nassibu?

Akaangalia chini tena, safari hii bila haraka. Kando ya shimo palikuwa na mafiga matatu meusi. Palikuwa na majivu, punje za wali zilizokauka, magamba ya karanga. Na ukingoni kabisa mwa shimo, mche wa mnyanya uliojiotea wenyewe, majani yamelala, unakaribia kufa kwa kiu.

"Nani anapika hapa?" aliuliza.

Humaidi akakohoa kwanza. "Yupo mama mmoja. Minza. Huuza karanga sokoni. Mara nyingine huja."

"Mwite."

Minza alikuja na ungo kichwani. Hakuwa msichana, na hilo lilimwuma Mwanamkuu zaidi, maana msichana angeweza kudharauliwa. Alikuwa mwanamke wa rika lake, mnene kidogo, mwenye uso wa kucheka. Alitua ungo, akapiga goti nusu kwa adabu ya kwao, akamwamkia kwa lugha ya kwao kama anayemwamkia mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," alijibu Mwanamkuu. "Mimi natoka ofisi ya simu, Tabora. Tunatafuta kwa nini simu inaharibika. Hapa ndipo unapoosha vyombo?"

"Ndiyo, mama. Naosha hapa hapa, maji namwaga hapo chini. Nimekosa?"

"Hukukosa. Maji yako yanaisaidia simu. Udongo ukilowa, simu inasema. Nataka kujua tu, kwa nini humwagi kila siku?"

"Siku nyingine sipiki hapa. Napika kwangu."

"Na siku unazopika hapa ni siku gani?"

Minza akacheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Hakuwa anajua anazungumza na nani, na hapakuwa na ubaya wowote usoni mwake.

"Ni siku akiwepo fundi. Fundi Nassibu. Analala chumba kile pale, sasa nikimpikia kwangu chakula kinapoa njiani. Kwa hiyo naleta sufuria zangu, napika, anakula, naosha. Yeye anakaa pale kwenye jiwe ananiongelesha mpaka nimalize." Akatazama mafiga yake. "Ameacha kuja siku hizi. Mama unamjua? Ni mzima?"

Jibu lilikuwa limekuja lote kwa mara moja, la waya na la mume, kwa mdomo mmoja. Humaidi alikuwa akiangalia reli.

"Ni mzima," alisema Mwanamkuu.

Akaingia ndani, akakaa mezani. Kisha akaigongea Tabora kwamba kosa ni bamba la ardhi, udongo umekauka kwa ukame, hakuna mtu aliyechezea waya. Aligonga sehemu hiyo ya mwisho polepole, herufi moja moja, asije mtu akaikosa. Mzee Nasor, aliyekuwa amekaa mwenyewe upande wa pili, akajibu alhamdulillahi, fundi yuko hapa pembeni yangu anasikia. Halafu akauliza kile ambacho mzee yeyote mwenye akili angeuliza: mbona ulikuwa unapona akija?

Mwanamkuu alikaa na kidole juu ya kijichuma. Angeweza kusema bahati. Akagonga: Maji ya kuoshea vyombo vyake.

Jibu lilipokuja lilikuwa la kazi tu. Atafutwe mtu wa kumwagia bamba maji kila asubuhi, awekwe kwenye malipo ya vibarua. Humaidi akasema, bila kumtazama, kwamba anayekaa karibu na kisima ni Minza peke yake, wengine wote wamehamishiwa kijijini. Na kwa hiyo ni Mwanamkuu aliyetoka nje akamwajiri mwanamke wa mumewe. Alimwonyesha mahali pa kumwagia, akamwambia ndoo nzima, kila siku, jua likiwa bado la chini. Hasira ilimfanya awe mkali kuliko ilivyohitajika.

"Na usisahau. Ukiacha kumwaga, simu itakufa, na itabidi fundi atumwe tena kutoka Tabora."

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo alipoyasikia. Minza alikuwa ametulia, ndoo mkononi, akimsikiliza kwa makini sana.

"Nimeelewa, mama," akasema.

Nassibu alirudishiwa mfuko wake wa vifaa na heshima yake. Siku mke aliporudi alimkuta ameosha vyombo vya nyumbani vyote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane, na wote wawili wakabaki kuvitazama vile vyombo. Kama angemwomba radhi, Mwanamkuu angepiga kelele, angelia, angemrushia upawa, na pengine mambo yangeishia hapo. Kama angesema nataka kuoa, dini inamruhusu, angemjibu. Nassibu hakusema. Alikaa nyumbani kila jioni, akala wali wake, akamfundisha Swaumu kufunga mafundo ya waya. Mwanamkuu alikuwa amempata mumewe kama alivyotaka, na kila asubuhi alikwenda kazini akaketi, akaita Kaliua, na Kaliua ikaitika kwa sauti safi, kubwa. Taarifa za mahindi zilifika neno kwa neno. Mzee Nasor alimsifu mbele ya ofisi nzima. Yeye peke yake ndiye aliyejua sauti ile safi ilikuwa na maana gani: Minza ameamka, Minza ameteka maji, Minza amesimama pale nyuma ya ukuta, karibu na jiwe. Hakuna mwanamke aliyewahi kuletewa habari za mwenzake kwa uhakika namna hiyo, na alilipwa mshahara kwa kuzisikiliza.

Mpaka asubuhi moja alipoita, na Kaliua ikaitika kwa mbali.

Aliita tena. Nukta zilikuja zimechakaa, moja ipo, moja haipo. Mwanamkuu hakuhitaji kuwaza. Ndoo haikumwagwa. Haikumwagwa kwa sababu mtu alikuwa ameelewa vizuri sana alichoambiwa, na sasa alikuwa akiita kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Damu ikampanda Mwanamkuu usoni. Akashika kijichuma akamgongea Humaidi, akarudia, akarudia tena mpaka maneno yote yakafika: achukue ndoo mwenyewe, amwage, sasa hivi. Kisha akasubiri, huku akisaga meno.

Waya ukarudi. Ulirudi kidogo kidogo, nukta zikijaa, mpaka mkono wa Humaidi ukasikika vizuri, haraka zake, herufi zake za mwisho alizozimeza. Mwanamkuu akashusha pumzi. Hakuna fundi atakayetumwa leo.

Alipogeuka, Nassibu alikuwa amesimama mlangoni. Stoo ya mafundi ilipakana na ofisi ya simu, na mtu aliyeishi na waya miaka yote ile hahitaji kuambiwa ukidhoofu. Mfuko wa vifaa ulikuwa begani.

"Umepona," alisema Mwanamkuu. "Humaidi amemwaga maji. Huna haja ya kwenda."

"Nimesikia," alisema Nassibu. "Najua umepona."

Hakushusha mfuko. Nje, treni ya Kigoma ilikuwa inapakia abiria, na muuza mayai alikuwa akipita akiita chini ya madirisha. Nassibu alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze hakuangalia pembeni.

"Naenda, Mama Swaumu," akasema. "Nitakuja kuzungumza na wazee wako nikirudi."

Akatoka. Mwanamkuu akakaa akitazama mlango mtupu. Kanuni ya kazi ilisema fundi akipanda treni, stesheni aendako ijulishwe, na kuijulisha ilikuwa zamu yake. Angeweza kuacha. Angeweza kupoteza neno moja, na Humaidi angejaza pengo kwa mazoea. Treni ikapiga honi. Akavuta kiti karibu na meza, akaita Kaliua, akagonga kwamba fundi yuko njiani.

Kaliua ikairudia taarifa yote, na hakuna herufi hata moja iliyokuwa imepotea.